Fundo Ambalo Njeru Hakunifundisha

Kijana, ukificha swichi ndani ya gari ya mtu, hakikisha watu wawili wanajua iko wapi. Mmoja akifa, abaki mwingine. Hilo ndilo neno la kwanza ninalowapa wale wanaonijia hapa Siakago na simu mkononi, "Shosho, hebu angalia hii picha, hii waya inaenda wapi?" Nawaambia waya inakoenda, kisha nawaambia hilo la swichi, nao hucheka. Wanadhani ni uzee. Basi leo nimeamua kuwaeleza yote, na anayetaka kucheka acheke mwishoni, akiweza.

Naitwa Wawira. Nilifanya kazi ya waya za magari mjini Meru, kibanda chetu kikiwa nyuma ya soko la Gakoromone, mahali ambapo mvua ikinyesha majani ya kabichi yaliteremka na maji mpaka mlangoni. Nasema chetu kwa sababu fundi mwenyewe alikuwa mume wangu, Njeru. Mimi waliniita Mama Waya, kwanza kwa kunicheka, baadaye kwa sababu gari ilikuwa imekataa kuwaka na hawakuwa na jina lingine la kuniita.

Mnajua nilivyoingia kazini? Njeru hakuona rangi. Si kwamba alikuwa kipofu, la! Sindano ikianguka mchangani aliiona kabla yangu. Lakini nyekundu na kijani kwake zilikuwa kitu kimoja, na kahawia ilikuwa ndugu yao. Sasa fikiria fundi wa waya wa namna hiyo. Yale magari ya zamani ya Kiingereza yalikuwa na sheria ya rangi, na waya zenyewe zimevikwa kitambaa: nyeupe inaleta moto, ndivyo tunavyouita umeme, kutoka kwa ufunguo, kahawia ni moto wa betri moja kwa moja, nyeusi ni arthi, inayorudisha moto kwenye bodi ya gari, kijani ni ya vitu vinavyopitia fyuzi. Ukikosea rangi umekosea gari nzima.

Njeru alificha jambo hilo hata kwangu, mpaka alipotengeneza gari ya pasta mmoja. Jumapili pasta anafika kanisani, anakanyaga breki, na waipa zinaanza kupangusa kioo kikavu. Anaachilia, zinasimama. Anakanyaga tena, zinapangusa. Akina mama waliokuwa mlangoni wakasema gari imeguswa na Roho, lakini pasta alijua aliyeigusa. Jumatatu asubuhi alikuwa kwetu kabla hatujafungua.

Siku hiyo Njeru aliniambia ukweli, akiangalia chini kama mtu anayeungama. Nikaacha kuuza viazi. Nikaweka kigoda kando yake, nikawa macho yake. "Hii?" "Kijani." "Na hii?" "Nyekundu, ina mstari mweusi." Hivyo ndivyo nilivyosoma kazi, nikimtajia mume wangu rangi kutwa nzima, naye akinitajia kazi ya kila rangi.

Lakini alikuwa na kiburi chake. Hakupenda kungoja nimalize kunyonyesha ndipo ajue nyekundu ni ipi. Kwa hiyo akaanza kufunga uzi. Kila waya aliyoigusa aliifunga uzi mweusi wa kushonea viatu, na mafundo yake yalisema kitu. Fundo moja, moto wa betri. Mafundo mawili yaliyoshikana, moto wa ufunguo unaoenda kwa koili. Mafundo mawili yaliyoachana, taa. Waya ya arthi haikufungwa kitu. Alinifundisha yote nikiwa nimefumba macho, vidole vikitafuta nyuma ya dashibodi, na nikikosea alinigonga mkono na bisibisi, polepole, akicheka.

Mafundi wengine walimdharau. "Huyo anashona magari," walisema. Basi ngojeni. Magari yale yalizeeka, jua likala vitambaa, vumbi na mafuta vikaingia, waya zote zikawa rangi ya udongo. Siku hizi ukifungua dashibodi ya gari ya umri huo, sote tunakuwa Njeru. Rangi zimekwenda, mafundo yake yapo.

Sasa niwaambie habari ya ovadraivu, maana wengi wenu hamjawahi kuiona. Ni gia ndogo iliyoshikamana na giaboksi, nyuma yake. Dereva akiwa kwenye gia ya juu, barabara imenyooka, anasukuma kijiti kando ya usukani, na injini inashusha pumzi huku gari ikiendelea na mwendo ule ule. Haiwashwi na kompyuta. Ni wewe mwenyewe unayeamua, kwa mkono wako. Umeme unakwenda kwa solenoidi, solenoidi inavuta, gia inashika. Ukianza kuteremka mlima unaitoa, ili injini ikushikie gari. Na kurudi nyuma ikiwa imeshika, usithubutu! Dereva mmoja wa Embu gari yake ilikuwa na kasoro, ovadraivu haikuachilia, naye hakutaka kusikia la mtu, akarudi nyuma. Tulisikia mlio mmoja tu. Akauliza, "Ni nini hiyo?" Njeru akamjibu, "Ni giaboksi inakuaga."

Aliyeipenda ovadraivu kuliko watu wote niliowahi kuwajua ni Mzee Baariu wa Mikinduri. Alikuwa na gari ya saluni ya rangi ya maziwa, aliinunua alipokuwa karani, na hakuruhusu mtu kuiosha ila yeye. Akifika ile barabara ya chini inayoelekea Isiolo, alisukuma kijiti chake na kunyamaza, ausikilize mwendo. Aliniambia siku moja, "Mama Waya, hapo ndipo mimi hupumzika duniani." Solenoidi ilipoungua tulitafuta nyingine mpaka tukachoka. Kijiti kikabaki pale kwenye usukani, hakina kazi.

Baadaye vijana walijaribu kuiba gari hiyo siku ya soko. Mzee akaileta kwetu, akazungumza na Njeru pembeni, na Njeru akashinda ndani ya gari hiyo kutwa nzima peke yake. Nilipomuuliza alichofanya alisema, "Siri ya mteja si ya kitandani." Nilinuna, nikaacha. Njeru alikuwa hivyo, ukimpa siri umeitupa kisimani.

Kisha Njeru akaugua, akafa, tukamzika hapa nyumbani, upande wa chini wa shamba la ndengu. Nilifunga kibanda, nikaweka vyombo kwenye gunia, nikarudi kulima. Sikutaka tena kushika waya za mtu.

Ndipo mwaka juzi akaja Mama Kinoti, mke wa Mzee Baariu. Alifika hapa kwenye jua letu la Mbeere akiwa amevaa sweta yake ya baridi ya Mikinduri, jasho linamtiririka, na hakuivua. Nilimpa maji. Alikunywa yote, akaweka kikombe chini, akasema, "Mama Waya, nimekuja uniambie kitu kimoja tu. Ni waya au ni kirumi?"

Nyinyi mnajua kirumi kwa jina. Ni neno la mwisho la mzazi anayekufa akiwa na hasira nawe, au hata ishara tu, na hukufuata wewe na watoto wako. Mtu mwingine hawezi kukuondolea, kwa sababu mwenye kuliondoa amelala kaburini. Sisi ni watu wa kanisa, tunaimba, tunatoa sadaka. Lakini taja kirumi mbele ya watu wa Meru au Embu uone kama kuna atakayecheka.

Akanieleza. Kinoti, mwanawe wa kwanza, alikuwa ameng'oa kahawa ya babake bila kumuuliza, akapanda makadamia. Mzee alikasirika, wakawa hawasalimiani. Ndipo siku moja mchana mzee akaanguka uani. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukapinda, sauti ikapotea. Kinoti alikuja mbio, akachukua ufunguo wa saluni kwenye msumari ampeleke babake hospitali.

"Mzee akaona ufunguo," Mama Kinoti akasema. "Akamkazia Kinoti macho. Akainua mkono wa kushoto, ndio uliokuwa mzima, akafanya hivi." Akanionyesha. Alinyoosha vidole na kusukuma hewa kwa mgongo wa vidole, kama mtu anayefukuza kuku mlangoni. "Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Macho yamemtoka. Toka! Toka! Kinoti akaenda kwa gari akilia. Injini ikazunguka, ikazunguka, gari ikakataa kuwaka. Tulipopata gari ya jirani mzee alikuwa ameshaenda."

"Ngai," nikasema.

"Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, ndivyo watu walisema kwa matanga. Lakini waliokuwa nyumbani waliona mkono. Na lisemwalo lipo."

Baada ya mazishi Kinoti alileta fundi. Fundi alibadilisha plagi, akabadilisha pointi, akaweka koili mpya, na hiyo koili mpya ikatoa harufu, ikaungua, akarudisha ya zamani. Wa pili alivuta waya kutoka betri moja kwa moja mpaka kwa koili, na bado gari ikakataa. Wa tatu alisikia habari za kirumi, akafunika boneti polepole akaenda zake bila kunywa chai. Pasta aliiombea, tena akiwa ameishika taa ya mbele. Kisha ng'ombe wa Kinoti akafa, na mkewe akapoteza mimba. Kinoti akahama. Akaenda kupanga chumba Meru, anauza viazi Gakoromone. Akija kumwona mamake husimama nje ya ua. Hanywi hata maji ya nyumba hiyo, asije akawaambukiza ndugu zake.

"Nina mtoto hai na simwoni," Mama Kinoti akasema. "Kama ni kirumi niambie, nijue nimempoteza. Kama ni waya niambie."

Ningefanyaje? Nilitoa gunia chini ya kitanda.

Vijana, sikilizeni hapa vizuri, maana hapa kuna kazi. Nilipofika Mikinduri gari ilikuwa chini ya kibanda cha mabati, kuku wanalala juu yake. Tuliazima betri, tukaweka petroli mpya. Nikageuza ufunguo, stata ikazunguka vizuri, lakini cheche hakuna. Fundi mwenye haraka angeanza kununua vitu. Mimi niliweka kiganja juu ya koili nikangoja. Ikaanza kupata joto.

Koili haitoi cheche kwa kupokea moto. Inatoa cheche moto unapokatwa ghafla, pointi zinapoachana, yale mabati mawili madogo yanayogusana na kuachana injini ikizunguka. Ikipokea moto usiokatwa, inachemka tu mpaka iungue, na ndiyo maana ile mpya iliungua. Basi nikazungusha injini kwa mkono mpaka pointi zikawa wazi kabisa. Pointi zikiwa wazi moto hauna pa kwenda, koili inapaswa kupoa. Haikupoa. Moto ulikuwa na njia nyingine ya kufika arthini, njia isiyopita kwa pointi. Wenzangu walikuwa wanatafuta mahali moto ulipokatika, na moto haukuwa umekatika popote.

Nikajua mtu ameiweka njia hiyo kwa makusudi. Na nilijua mtu mmoja tu ambaye angefikiria hivyo.

Nililala chali chini ya dashibodi, nikafumba macho jinsi nilivyofundishwa. Vidole vikaenda. Fundo moja, betri. Mafundo yaliyoachana, taa. Mawili yaliyoshikana, koili. Uzi ulikuwa mgumu kwa vumbi lakini haukuwa umelegea hata mmoja. Nawaambia ukweli, nilikuwa sijaushika mkono wa Njeru tangu tulipomfunika, na hapo nikaushika. Sikuuachilia mpaka Mama Kinoti akauliza kama nimeumia.

Kisha nikafika kwenye waya nyembamba iliyojificha katikati ya zingine. Ilikuwa na fundo ambalo sikulijua. Fundo kubwa, limezungushwa juu ya lingine, ncha za uzi zimeachwa ndefu. Hakuwahi kunifundisha hilo. Nikaifuata waya, ikatoka kwa koili, ikapanda nguzo ya usukani, ikaingia kwenye kile kijiti cha ovadraivu kilichokosa kazi. Njeru alikuwa amekipa kazi. Kijiti kikiwa kimelala, kinapeleka moto arthini na gari haiwaki hata ufanye nini. Ukikisukuma, njia hiyo inakatika, gari inakuwa gari. Na mwizi gani atasukuma ovadraivu ya gari iliyosimama?

Nikaketi kwenye kiti cha dereva nipime. Ufunguo uko kulia, kijiti kiko kushoto. Nilishika usukani. Kijiti hicho hakivutwi. Kidole gumba kinabaki kwenye usukani, unanyoosha vidole vingine, unakisukuma mbele kwa mgongo wa vidole. Nikasukuma. Kikagoma kwa kutu. Nikasukuma tena, na tena.

Mama Kinoti alikuwa amesimama mbele ya gari. Nilimwona kupitia kioo ameweka mikono yote miwili mdomoni.

"Mama Waya," akasema. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Huo mkono. Rudia huo mkono."

Nikarudia, na hapo nikauona mwenyewe. Mgongo wa vidole ukisukuma hewa, kama mtu anayefukuza kuku. Mama Kinoti akakaa chini kwenye mavi ya kuku bila kuangalia anapokaa.

Niligeuza ufunguo. Injini ilikohoa mara mbili, ikawaka.

Mngedhani tulishangilia. Hatukushangilia. Tuliisikiliza, kisha nikaizima, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amefika mahali pale pale na hakuna aliyetaka kuanza.

Alianza yeye. "Kwa hivyo siku ile ingewaka."

"Ingewaka."

"Alikuwa anamwonyesha."

"Eeh."

"Angefika hospitali."

Nilikuwa nafikiria Njeru, na lile neno lake la siri ya kitandani. Aliificha vizuri mno. Aliwaficha wezi, akanificha mimi, na mzee alipohitaji gari yake kuliko siku zote, aliyejua alikuwa mmoja tu na ulimi wake umefungwa.

Mama Kinoti akapangusa uso kwa leso. "Tumwambie ni panya," akasema. "Kata hiyo waya. Sema panya walikula. Atarudi nyumbani, na hatajua kwamba alionyeshwa akakosa kuona. Nakuomba, mama. Usimpe hilo jingine."

Koleo ilikuwa mkononi mwangu. Na nisiwadanganye, panya wangenifaa hata mimi, maana jina la Njeru lingebaki safi. Lakini nilimwambia, "Mama Kinoti, panya ataondoa hofu ya gari. Hataondoa mkono. Kinoti akilala atauona ule mkono ukimfukuza, gari iwake isiwake. Kitu cha kuuondoa ni kujua ulikuwa unasema nini." Alilia sana. Mwishowe akasema, "Basi nenda wewe. Mimi sitaweza kumwangalia."

Kesho yake nikaenda Gakoromone. Nilimkuta Kinoti kati ya magunia ya viazi, mtu mzima, amekonda, anahesabia wateja bila kuwatazama. Nikamwambia mimi ni nani. Akaendelea kujaza ndoo.

"Mama, wachana na hiyo maneno," akasema. "Hiyo gari ilinikataa. Hata ikiwaka kwa mwingine, mimi ilinikataa."

"Haikukukataa. Imefungwa waya, na aliyeifunga ni bwanangu. Kama kuna nyumba ya kulaumiwa ni yangu. Lakini sitalaumiwa hapa sokoni katikati ya viazi. Njoo unilaumu ukiwa umekaa ndani ya gari."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Na nikija nife?"

"Mimi nimeketi humo jana yote. Unaniona nimekufa?"

Jirani yake wa kitunguu akacheka, na Kinoti akakaribia kucheka, akajizuia. Akamwachia magunia yake.

Alifika kwenye ua wa babake akasimama pale anaposimamaga, miguu ikakataa. Mama yake alikuwa mlangoni mwa jiko. Hakuna aliyemwita. Nilikwenda nikafungua mlango wa gari upande wa dereva, nikasubiri. Alikuja akiangalia chini, akaingia, akakaa kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenyewe bila ruhusa. Nikainama dirishani.

"Shika usukani kwa mkono wa kushoto. Gumba libaki hapo hapo. Sasa nyoosha vidole usukume hicho kijiti mbele. Kwa mgongo wa vidole."

Akasukuma. Vidole vilipofika mwisho vilibaki hewani, vimenyooka. Akaviangalia. Mwacheni mtu afike mwenyewe. Akarudisha kijiti, akasukuma tena, polepole. Pumzi ikaanza kumpanda.

"Geuza ufunguo," nikamwambia.

Ikawaka mara moja. Kuku wakatawanyika. Kinoti aliweka paji la uso kwenye usukani wa babake akalia kwa sauti, mwanamume mzima, na injini inanguruma.

Alipoizima aliuliza, "Kwa hivyo hakuwa ananifukuza."

"Hapana. Alikuwa anakupa gari."

"Na mimi sikuona."

"Hakuna aliyeona," mamake akasema. Alikuwa ameshafika, sikumsikia akija. "Nilikuwa hapo, nimeishi naye maisha yangu yote, na sikuona."

Nilimwambia lililobaki kabla hajaniuliza, maana hilo halifai kungojea. "Kinoti, kama ungeona, labda angefika hospitali. Labda pia asingefika. Sitakudanganya, sijui, na hakuna anayejua. Ile swichi ilifichwa na bwanangu, na wote wawili walidhani wana siku nyingi."

Mkono wake ukapapasa kijiti.

"Mama Waya, huu ni mzigo," akasema.

"Ni mzigo."

"Lakini huu nitaubeba. Ule mwingine ulikuwa umenishinda."

Nikachukua koleo nikamuuliza kama nikate ile waya, gari iwe inawaka kama gari za watu. Akatikisa kichwa. "Iache. Lakini mfundishe mama pia."

Basi tukamsaidia Mama Kinoti kuketi kwenye kiti cha dereva. Hajawahi kuendesha hata mkokoteni, na miguu yake haikufika chini. Nikamwonyesha gumba linakaa wapi. Akanyoosha vidole vyake vya kuchuma chai, akasukuma. Akageuza ufunguo, ikawaka, akashtuka, akaanza kulia na kucheka pamoja. Kisha akaangalia mbele, kwenye shamba la makadamia ambapo mzee amelala, akainua ule mkono wa kushoto juu ya usukani, akarudia, vidole vikisukuma hewa.

"Baba Kinoti," akasema, "tumeona."

Akazima. Mwanawe akamshusha, akamshika mkono, wakaingia ndani kunywa chai.